Mwaka Mmoja wa Mikono Miwili

Mwenyekiti wa Chama cha Wafadhili ameniomba niandike tafakuri ya mwaka mmoja wa blogu yetu, "yenye takwimu, shukrani na tabasamu." Takwimu ninazo. Shukrani nitazitafuta. Tabasamu sikuahidi. Mwenye haraka ya tabasamu aende moja kwa moja kwenye picha, zipo mia mbili na kumi na moja, na kila moja ina watu wawili waliokenua hadi mashavu yanawauma huku wameshika kitu kimoja.

Hiyo ndiyo sheria ya blogu, na ndiyo iliyoipa jina la Mikono Miwili. Mtoaji anasimama kushoto na kushika upande mmoja wa kitu. Mpokeaji anasimama kulia na kushika upande wa pili. Wanatazama kamera, na hakuna anayeachia mpaka mpigapicha aseme "tayari." Sheria niliitunga mimi mwenyewe, mezani kwangu masjala, katikati ya mafaili ya viwanja. Picha yetu ya kwanza kabisa ilikuwa ya ndoo, na ukiitazama hujui nani anampa nani. Nikaitunga ile sheria na kujiona nimevumbua umeme.

Sasa sikilizeni ilivyotufikisha.

Mwezi wa pili Mwenyekiti alimpa godoro fundi viatu wa mtaani kwetu. Wakashika, mmoja huku, mwingine kule. Binamu yangu, ambaye ndiye mpigapicha wetu, akanyanyua kamera, na betri ikafa. Mtu mwenye akili zake angeachia godoro. Mwenyekiti ni mtu wa taratibu. Alisema "tayari" haijasemwa, kwa hiyo msaada bado haujatoka. Binamu akaenda kutafuta betri. Wale wawili wakasubiri juani, kisha kivulini, kisha fundi akaomba basi waende kwake, wakaenda na godoro lao katikati, wakapinda kona, wakaingia chumbani. Binamu alirudi baada ya saa tatu. Kwenye picha fundi amelala fofofo juu ya godoro na Mwenyekiti ameketi kwenye kigoda pembeni, ameshika ncha, anatabasamu. Hilo ndilo chapisho lililopendwa kuliko yote mwaka huu.

Mwezi wa tano ilikuwa miwani. Mfadhili mmoja alileta miwani thelathini na nane ya kusomea kwa wazee. Binamu akalalamika kwamba vioo vinarudisha mwanga, sura za wazee hazionekani. Tukavitoa vyote, kimoja kimoja, kwa bisibisi ndogo, tukavifunga kwenye gazeti na kuviweka ndani ya boksi. Picha zikatoka safi sana. Boksi, kwa bahati mbaya, binamu alilirudisha kwa mfadhili akidhani ni takataka za vifungashio, na mfadhili akalitupa akidhani hivyohivyo. Nilipogundua, nilizunguka nyumba kwa nyumba, roho juu, tayari kuomba radhi. Hakuna aliyenipa nafasi. Wazee wote thelathini na wanane walinishukuru. Bibi mmoja alipitisha kidole ndani ya fremu, akajikuna kope, akaniambia tangu apate miwani anawaona nzi wangali mbali. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilirudi nyumbani nikaandika kichwa cha habari: "Thelathini na Wanane Waona Tena." Mfadhili yule amenitumia shada la maua.

Nasema haya ili muelewe kwamba sikuwa mtu wa kuaminika hata kabla ya hayo ninayotaka kuyaeleza.

Kufikia mwezi wa nane wapokeaji walianza kuadimika. Wafadhili walikuwa tele, wanasukumana, lakini wa kupokea hayupo. Watu walikuwa wameona picha. Walikuwa wamewasikia majirani zao wakizisoma kwa sauti na kuzichambua: tazama huyu, tazama alivyovaa, hata shati la kupokelea hana. Mama mmoja tulimpelekea cherehani, akatuona dirishani, akaruka ukuta wa nyuma, na kilo zake zote zile. Mwisho alibaki yule fundi viatu peke yake, ambaye alisema ameshaonekana amelala dunia nzima, sasa aogope nini? Amepokea viti vya magurudumu vinne. Miguu yake ni mizima. Viti amevipanga nje ya kibanda chake, wateja wanakalia wakisubiri soli.

Na hapo ndipo inapoingia habari ya kaka yangu.

Kaka yangu ni kinyozi. Ndiye aliyenilea. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye vichwa vya watu, na sijawahi kumsikia akinikumbusha hata mara moja. Ni mtu wa kutoa. Ukimpa soda ataitafutia mtu wa kumpa kabla hujafungua kizibo. Na kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yanazimika. Mtoto wa jicho, pande zote mbili, ukungu juu ya ukungu. Siri hiyo tuliijua watu watatu tu, yeye, mimi na wifi yangu, au ndivyo tulivyodhani. Alikuwa ananyoa kwa vidole. Anapapasa kichwa kama mtu anayechagua tikiti, kisha anawasha mashine na kwenda nayo kwa imani.

Matokeo yake niliyaona kwa macho yangu. Ndevu zilizopanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Mstari wa paji la uso ulioanza vizuri kisha ukaenda kusalimia sikio. Mwalimu wa shule ya jirani alitembea wiki mbili na nyusi moja. Lakini wateja walikuwa wakirudi, wote, kila Jumamosi, na kaka akawa anaringa.

"Unaona?" aliniambia. "Mkono ukishajua kazi, jicho la nini?"

Mimi nilikuwa nauangalia ule wembe na kumeza mate.

Basi mwezi wa kumi na moja Chama kikaleta daktari wa macho. Kambi ya siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, katika ukumbi wa zahanati. Upasuaji wa bure, lenzi mpya za kupandikiza maboksi mazima, na baada ya hapo daktari haonekani tena kwa mwaka mzima. Wifi alinishika mkono akaniambia, "Wifi, mwaka mzima hatufiki. Atamkata mtu koo, au atafunga duka. Akifunga duka atakufa kwa huzuni, namjua." Hakuwa anapiga chuku. Nami nilimjua.

Jumatatu hakuja mtu kwenye kambi. Jumanne alikuja fundi viatu, daktari akamwambia macho yake yanaona kuliko yake yeye daktari, akamrudisha. Jumatano nilikwenda dukani kwa kaka wakati hakuna mteja.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kaa, nikupunguze nywele."

"Hapana, asante," nilisema haraka mno. "Kaka, twende kwa daktari."

Aliendelea kufuta kioo ambacho hakukiona. "Na picha?"

"Picha ipo. Ndiyo utaratibu."

"Nitasimama upande gani?"

Alijua.

"Mdogo wangu," alisema, "mwaka mzima watu wanakaa kwenye hiki kiti na kusoma blogu yako. Wanacheka. Yule wa godoro walimcheka mpaka mashine ikanitoka mkononi. Na mimi nilicheka nao. Sasa leo nikasimame kulia? Kesho nani atanipa kichwa chake? Watasema maskini kinyozi, kumbe haoni. Bora nipofuke na heshima yangu."

"Utapofuka kweli!"

"Basi nitapofuka nimesimama kushoto."

Niligombana naye nusu saa. Nilimwita kichwa kigumu, nilimwita mbinafsi, nikamwambia marehemu mama angeona aibu, jambo ambalo si kweli, maana mama ndiye aliyemrithisha hicho kichwa. Nilitoka nikilia kwa hasira. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira zaidi na mtu aliyetunga ile sheria.

Nikaenda kwa Mwenyekiti kumwomba mpokeaji mmoja, mmoja tu, asipigwe picha. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma, au tuseme alitazama upande nilikokuwa. Alisema kila lenzi inayotumika lazima iandikiwe namba ya chapisho kwenye karatasi ya boksi. Bila picha hakuna chapisho, bila chapisho hakuna namba, na bila namba msaada haujatokea. "Sheria ni yako, dada yangu," alisema, "na ni nzuri sana."

Alhamisi asubuhi daktari alikuwa anapanga vifaa vyake ndani ya sanduku. Mwanamke mfupi, mchovu, mwenye sauti ya kukwaruza. Nilikaa mbele yake sina mbele wala nyuma. Kwa kukosa la kusema, nikamuuliza hicho anachokitoa jichoni kinafanana na nini.

"Kama punje ya dengu," alisema. "Lenzi ya mtu iliyoingia ukungu. Naitoa nzima, naweka mpya."

"Ile ya zamani mnaipeleka wapi?"

"Natupa. Wanafunzi wangu wangefurahi kuziona, chuoni wanajifunza kwa michoro tu. Lakini nani amewahi kunipa?"

Nilisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka.

Nilimkuta kaka anafagia nywele, na nyingine anaziacha. Nilivuta pumzi. "Kaka, kuna watu wana shida."

Ufagio ukasimama. Namjua kaka yangu. "Nani?"

"Madaktari wanafunzi. Hawana pa kujifunzia. Wanakodolea michoro tu, maskini."

"Lo. Na watatibuje watu?"

"Ndiyo hapo. Wanahitaji lenzi halisi ya jicho. Ya zamani, yenye ukungu. Nzima haiwafai kitu. Wametafuta mji mzima, hakuna mwenye moyo wa kutoa."

Nje mtu alipita na baiskeli. Kaka aligusa jicho lake la kulia kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayehakiki kama bado ana kitu fulani mfukoni.

"Ni kubwa?" aliuliza.

"Kama punje ya dengu."

"Na wakishaitoa, pale patabaki tundu?"

"Wanaweka nyingine. Ni kama kuziba pengo tu, usijali."

"Na kwenye picha?"

"Kushoto," nilisema. "Wewe kushoto. Daktari kulia, anapokea."

Kaka aliegemeza ufagio ukutani. Akamwita mke wake kwa sauti kubwa amnyooshee shati jeupe.

Upasuaji ulikwisha haraka kuliko kunyoa ndevu. Nilikaa nje nikitafuna kucha. Kisha binamu akaingia na kamera, betri zikiwa mbili. Kaka alisimama kushoto, bandeji jichoni, shati limenyooka, ameshika kichupa kidogo ambamo ndani yake kilielea kidonge cha rangi ya chai ya maziwa. Daktari alisimama kulia ameshika upande wa pili. Binamu akamwambia daktari aonyeshe unyonge kidogo, anapokea msaada. Daktari aliinamisha kichwa, nami nikaona mabega yake yanatikisika. Kaka alitoa hotuba fupi. Aliwasihi wanafunzi wasome kwa bidii, na kama hiki hakitatosha wasione haya kuja kuomba kile cha upande wa pili.

Niliandika: "Kinyozi Atoa Lenzi ya Jicho Lake kwa Ajili ya Elimu." Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Daktari alisoma namba ya chapisho kwenye simu na kutia saini karatasi ya boksi.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na foleni hadi barabarani. Walikuwa wafadhili. Wote walitaka kutoa macho.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza, amevaa suti. "Kinyozi anatoa jicho," aliniambia kwa uchungu, "na mimi mwaka mzima natoa ndoo?" Nyuma yake kulikuwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkewe, mhasibu, na watu ambao sijawahi kuwaona wakitoa hata njia. Daktari akawapima mmoja mmoja. Wenye macho mazima aliwarudisha, na walirudi kwa fujo. Mhasibu alipiga meza akiuliza jicho lake lina kasoro gani hadi likataliwe. Jibu kwamba halina kasoro yoyote lilimtukana kabisa.

Lakini ndani ya foleni ile walikuwemo kumi na tisa ambao hawakuwa wanaona. Kumi na tisa! Watu wazima, wenye nyumba zao na vyeo vyao, waliokuwa wanapapasa kuta kimyakimya kwa miaka wasije wakasimama kulia. Mama wa cherehani alikuwemo. Na Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na mtoto wa jicho kote kuwili. Alipobanwa na daktari alikiri kwamba hajawahi kuachia kitu mapema kwa sababu hakuwa anaona kama mwenzake ameshashika. Daktari aliahirisha safari hadi Jumapili. Vichupa vilikwisha, tukaazima vya manukato.

Mwenyekiti, najua unasoma haya, tena bila miwani. Takwimu ndizo hizo.

Kaka alirudi kazini baada ya wiki mbili. Nilikwenda na binamu asubuhi ile kumpiga picha ya kufungia mwaka, kinyozi mtoaji akiwa kazini kwake. Alikuwa amefika mapema. Alikuwa amegundua kwamba kuta za duka lake ni za kijani na akawa haamini, akidai wifi alizipaka rangi kwa siri.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu. Kaka alimzungusha kwenye mwanga na kumtazama kwa muda, akaanza kazi. Sijawahi kumwona akinyoa vile tangu nikiwa msichana. Mstari ulinyooka. Ndevu zilikaa sawa pande zote. Alipomaliza akamshikia kioo cha mkononi, na mwalimu, bila kutazama kioo, akasema, "Safi kabisa, kaka, kama kawaida," akalipa, akatoka.

Kaka alisimama dirishani. Ilikuwa mara yake ya kwanza baada ya miaka miwili kumwona mteja akiondoka. Mwalimu alifika ukingoni mwa barabara, akatazama kushoto na kulia, akavuka mbio na kuingia kwenye duka la kinyozi wa ng'ambo, yule tunayemwita Mashine, mpinzani wake wa siku zote.

"Amesahau kitu kule?" kaka aliuliza.

"Labda ana ujumbe," nilisema.

Mteja wa pili alikuwa mwenye duka la mikate. Akanyolewa vizuri vilevile, akasema safi kabisa, akalipa, akavuka.

Kaka aliweka wembe chini. Akatoka na kitambaa cha kunyolea mkononi, akavuka barabara, mimi na binamu nyuma yake.

Ndani kwa Mashine mwalimu alikuwa kwenye kiti. Mashine alikuwa anamgeuza kichwa huku na huku, amekunja uso. "Leo sina cha kurekebisha," alikuwa anasema. "Mbona leo—" Kisha akamwona kaka mlangoni. Kwenye benchi lililofuata ukuta walikuwa wamekaa wanne, watano, wote wateja wa kaka, watu aliokuwa akiwanyoa kwa vidole mpaka wiki ya upasuaji.

"Tangu lini?" kaka aliuliza.

Mwalimu alitazama sakafu. "Tangu ile nyusi," alisema.

"Miaka miwili?"

"Na miezi kidogo."

"Wote mlijua?"

"Kaka, tungeachaje kujua?" alisema mwenye mikate kwa upole. "Tunanyolewa sisi."

"Mngehamia kwa huyu basi! Mngesema!"

"Niliwaambia wahamie," alisema Mashine, mashine yake bado inanguruma hewani kwa sababu alisahau kuizima. "Siku ya kwanza kabisa niliwaambia. Wakasema wakija kwangu moja kwa moja, utabaki na nani? Basi wakianzia kwako, namalizia mimi. Na wewe usifikiri nilikuwa napenda. Kazi yako ilikuwa mbaya, ndugu yangu. Mbaya sana."

Binamu, ambaye Mungu hakumnyima chochote ila akili, alinyanyua kamera. "Shikeni kitu!" alisema. "Wote wawili, shikeni kitambaa!" Na watu wote kwenye benchi waliinamisha nyuso na kuziba kwa mikono. Mwalimu alijifunika na gazeti. "Hapana, hapana, usituandike," walisema, wakipishana sauti. Niliisukuma kamera chini. Nilikuwa naona aibu hadi masikio yanawaka. Baadaye niliwaomba ruhusa ya kueleza bila jina na bila picha, wakakubali shingo upande.

Kaka alibaki katikati ya duka la mpinzani wake, anawatazama kichwa kimoja baada ya kingine, anasoma kazi ya mikono yake mwenyewe na ya mwenzake juu yake. Kisha akakaa kwenye benchi, katikati yao, mwisho wa foleni, na machozi yakaanza kumtoka. Daktari alikuwa amekataza jicho lile lisiguswe na maji kwa mwezi mzima. Nilimwinamia nikamkumbusha. Akaniambia ninyamaze.